Bima ya Kijani na Mteremko wa Turbo

Turbo,
S.L.P. 3186,
Eldoret.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Wakoli,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Kanada, na lile goti lako limepona? Maximilla, aliyekuja likizo kutoka huko kwenu, ameniambia baridi imepungua na watoto wanacheza nje. Sisi tupo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yananifika kiunoni. Mimi mwenyewe nimechoka, Wakoli, sitakuficha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu haiwezekani. Baba akisikia ni wewe huleta kiti chake na kuniambia niweke spika. Maximilla anarudi huko Jumanne, atakupa barua hii mkononi.

Ni ile bima ya kijani uliyotushauri. Baba aliipenda kuliko nilivyotarajia. Walifunga kidude cha kupima mwendo kwenye gari lake, ile Probox, wakamweleza kwamba anayeendesha taratibu na kuchoma mafuta kidogo hupunguziwa malipo, tena hupewa mche wa kupanda. Basi akawa mhubiri. Jirani yetu Muigai hakuweza tena kuacha gari likinguruma langoni bila kusomewa habari za moshi.

Lakini unamjua. Miaka yote ile ya malori alizoea kuteremka na free, injini imezimwa, ili dizeli ibaki. Akaona mambo ni yale yale, kumbe hawa watu wa bima wamechelewa tu kuyajua.

Wiki mbili zilizopita, akimrudisha Mama kutoka kliniki Eldoret, akaizima injini kwenye mteremko wa kuingia Turbo. Usukani ukawa mgumu, breki ikakataa, wakaishia ndani ya mahindi ya watu. Baba hakupata hata mkwaruzo. Mama aliteguka bega. Tangu siku hiyo nimehamia hapa kuwaangalia, natoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni kupika.

Bima walimtuma msichana anaitwa Jepkemboi kukagua. Baba alimweleza yote kabla hajaulizwa, kifua mbele. "Niliizima mimi mwenyewe. Si mlisema tupunguze moshi?" Jepkemboi akamwambia kwa upole, "Mzee, tulisema uizime gari likiwa limesimama." Nilitaka kucheka nikashindwa.

Kampuni imekubali kuendelea nasi, ila dereva awe mwingine. Probox inatoka gereji Jumamosi ijayo, na Baba hajaambiwa. Mama anaogopa kupanda naye tena, lakini hawezi kulitamka mbele ya mtu aliyemwendesha tangu ujana wao. Mimi nikianza hayo maneno, Baba ananiuliza kama nimekula.

Nilitaka nikuombe umwambie wewe aache usukani. Ushauri wako wa mbali anausikia. Wangu mimi, ninayemfulia mashati, unapita tu. Hilo linaniuma, na heri nimesema.

Nilifika hapo jana nikaiweka kalamu chini. Asubuhi hii nimemkuta Baba uani na jembe. Ule mche wa bima, uliokuwa umekaa kwenye mkebe wa rangi, ameupanda pale pale Probox ilipokuwa ikilala, akauzungushia mawe. Unaujua uwanja wetu, gari halina pengine pa kusimama. Nikamuuliza, shamba lote hili, kwa nini hapo?

"Hapo ndipo kuna jua," akasema, akaniomba maji ya kunyunyizia.

Nimelia, Wakoli. Gari nitalichukua mimi, nitalitafutia pa kulala kwa jirani, na nitakuwa namwendesha Mama kliniki. Kwa hivyo usimwambie Baba lolote kuhusu usukani. Mpigie tu, umuulize mti unaendeleaje.

Nisalimie mkeo Nyokabi, Kevin na mdogo wake Lynette. Mama anawaombea kila jioni. Mungu awalinde huko ugenini, na awarudishe tungali wote tupo.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akichoka,
Nelima