Nyumba kwa Macho ya Aliyeketi

Nyumbani kwa Baba na Mama,
Kibarazani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Na wapwa zangu, bado wanagombania dirisha kila mkipanda gari? Waambie mjomba wao ana lori zima lenye madirisha mawili, waje tu wagawane.

Sisi huku tu wazima. Mafua yalipita nyumba nzima kama mgeni asiyejua kuaga, lakini sasa yameondoka. Wifi yako amebakiwa na kikohozi kidogo, hasa nikimwomba chai. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, jua likipanda analisahau. Habari za Mama ni ndefu, nitazifikia, maana ndizo zilizonishikisha kalamu.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Kaka, wewe dereva wa lori, programu ya kuchora nyumba umeijulia wapi?" Ukacheka, nikacheka, simu ikakatika. Umeshanunua laptopu, umenitumia mchoro wako wa kujaribia, na unataka kuichora nyumba yenu kamili mwenyewe kabla hamjamwita fundi. Umefanya vyema. Lakini mambo haya kwa simu yanaingia sikio hili yanatokea lile, ndiyo maana nakuandikia. Nivumilie nikikusimulia badala ya kukufundisha. Kila ninachokijua nilikijua kwa kujikwaa.

Unakumbuka Mama alipotoka hospitali baada ya kile kiharusi alikuja kukaa kwetu, kwangu na wifi yako. Tulikuambia anaendelea vizuri, na kweli mwili ulikuwa unaendelea vizuri. Tusichokuambia ni kwamba alikuwa amenyamaza. Alitaka kiti chake cha magurudumu kiwekwe mlangoni, akae pale kutwa akitazama barabara kama abiria aliyeachwa na gari. Wifi yako alimpikia, akamwogesha, akamtania. Mama alishukuru kila kitu, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Tangu lini Mama yetu akala chakula cha mtu bila kusema chumvi imezidi?

Siku moja akaniambia tu, "Mwanangu, nataka kwangu."

Kwake hakupitiki kwa kiti. Unaijua ile korido, watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Milango nayo ni myembamba, na choo kina kizingiti kama ukuta mdogo. Baba alikuwa na jibu moja: "Nitambeba." Tulipompeleka Mama huko kutembea, Baba akajaribu. Akamnyanyua vizuri, akafika kwenye kizingiti cha choo, goti likamsaliti. Wakaegemea ukuta wote wawili na kuanza kuteleza. Mungu ni mwema, nilikuwa nyuma yao nikawadaka. Hakuna aliyeumia, ila Mama alilia, na Baba hakuweza kumtazama usoni.

Nilipogusia habari ya kuvunja ukuta, Baba alisema, "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Itaguswa nikishazikwa." Akatoka nje akaanza kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Basi nikaenda kwa yule mchora ramani, binti mwenye ofisi juu ya duka la vioo. Niliwahi kumhamishia meza zake, kwa hiyo tunafahamiana. Nilidhani atanichorea. Badala yake akaniwekea programu kwenye laptopu ya wifi yako na kuniambia, "Chora kwanza nyumba ilivyo. Ukishaichora utaijua. Halafu tuzungumze inavyotakiwa kuwa."

Hapa ndipo masomo yako yanapoanzia. Kabla hujachora hata mstari mmoja wa mchoro wa kweli, iambie programu unatumia kipimo gani, mita au milimita. Mimi nilianza kuchora tu kama kuku anayeparura. Nilipompelekea, choo kilikuwa kimeuzidi uwanja wa mpira. Binti alicheka mpaka akashika meza. "Kaka, humu utaogea na timu zote mbili, na refa mlangoni akisubiri zamu!"

La pili, pima, usikisie. Nyumba tuliyokulia niliamini naijua nikiwa nimefumba macho, na hiyo ndiyo iliyonidanganya zaidi. Ninyi mna kiwanja kitupu, basi kipimeni wenyewe, na mpime kona kwa kona pia, siyo pande peke yake. Kuna chumba ambacho pande zake zinalingana na bado kimekaa upogo. Sebule ya Baba, kwa mfano. Hilo tutakufa nalo mimi na wewe, ukimwambia nitakukana.

Tena usisahau kwamba ukuta una unene, na plasta juu yake. Kwenye karatasi ukuta ni mstari, lakini kwenye maisha unakula nafasi kama mtu mnene kwenye benchi.

Kila ukimaliza kipande, hifadhi, na ukibadilisha jambo kubwa, hifadhi kwa jina jingine, ili ukiharibu uwe na pa kurudi. Umeme ulinikatikia, na betri ya laptopu ile ni mbovu, nikiwa nimechora nyumba nzima bila kuhifadhi. Wifi yako anasema siku hiyo nilitaja maneno ambayo watoto bado wanauliza maana yake.

Halafu tumia matabaka. Ni kama kuchora kwenye karatasi zinazopitisha mwanga na kuzipanga juu kwa juu: kuta tabaka lake, samani lake, nyaya na mabomba lake. Ukitaka kuona kuta tupu, unazima mengine yote. Mimi nilichanganya kila kitu mahali pamoja, nikawa nikitaka kuhamisha kabati naondoka na nguzo.

Na usikimbilie rangi na mapazia. Najua utakimbilia, nakujua tangu ulipokuwa ukivalisha vibunzi vya mahindi. Makochi yaliyomo kwenye programu ni membamba, yanafanya chumba kionekane kikubwa. Futa, chora ya kwako kwa vipimo vyake halisi. Kila mlango uonyeshe unakofungukia, ili usije ukafungua wa chumbani ukagonga wa kabati.

Mimi kilichonisaidia ni udereva. Lori halipimwi kwa upana wake, linapimwa kwa kona linayohitaji. Nikauliza kiti cha Mama kinahitaji nafasi gani kugeuka, nikaambiwa mita moja na nusu. Nikachora duara la kiasi hicho, nikawa nalivuta na kipanya kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, jikoni hadi chumbani, chumbani hadi chooni. Kila lilipogusa ukuta nikaweka alama nyekundu. Nyumba ikajaa wekundu kama mtoto mwenye surua.

Nikapanga kuvunja ukuta wa korido. Nilijiona nimemaliza kazi! Yule binti akautazama mchoro akaniuliza, "Paa limekalia wapi?" Sikujua. Akasema, "Programu nayo haijui. Itakuruhusu ufute ukuta wowote na haitakuambia kitu. Nenda kamuulize aliyejenga."

Aliyejenga, mdogo wangu! Yule yule wa nitambeba.

Nilikaa na mchoro ule siku kadhaa nikiogopa kwenda. Katika kuuchezea nikaingia sehemu inayokuwezesha kuiona nyumba kama umesimama ndani yake. Ukipewa lori la mwenzako, jambo la kwanza unarekebisha vioo vilingane na macho yako. Nikaona programu imeweka macho ya mtu aliyesimama. Nikayashusha hadi yalipo macho ya Mama akiwa kwenye kiti, nikatazama sebule.

Nilichoona ni ukuta. Dirisha lilikuwa juu kule, likionyesha kipande cha mbingu basi. Nikaenda jikoni, vivyo hivyo. Chumbani, vivyo hivyo. Ndipo nikaelewa kwa nini kwetu alitaka kukaa mlangoni. Hakuwa anamngoja mtu. Mlango ndio tundu pekee lililomfaa.

Jumapili iliyofuata nikaja hapa na Mama na laptopu. Baba alipoiona akasema hana miwani. Nikamwekea tu mezani picha ile ya sebule, nikaenda kumsaidia Mama.

Akaniita. "Hii picha ya nini? Mbona ukuta mtupu?"

"Ni sebule yako, Baba. Hivyo ndivyo Mama anavyoiona."

Baba akainuka, akamwendea Mama, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mama watoto, niazime kiti chako kidogo." Tukamhamishia Mama kwenye kochi. Baba akaketi kwenye kile kiti, akashika magurudumu, akaanza safari. Sebuleni akasimama chini ya dirisha akatazama juu. Kwenye korido akajikwaruza vidole huku na huku. Kwenye mlango wa chumbani akakwama kabisa, hasongi mbele wala nyuma.

Mama akamwambia kutoka kwenye kochi, "Umeona? Na wewe ulikuwa unasema nyumba haina kasoro." Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kumsikia akimkosoa mtu. Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka, na nadhani si yote yalikuwa ya kicheko.

"Leta hiyo mashine," akaniambia. Miwani ilikuwa mfukoni mwake.

Tukakaa bega kwa bega. Akaweka kidole kwenye ukuta wangu wa korido: "Huu ukiuvunja, paa litakukalia kichwani." Akasogeza kidole. "Huu hapa haubebi kitu. Niliujenga baadaye tu."

Kifungo, ukuta huo ndio uliotenganisha chumba changu na chako. Huo tuliokuwa tukiugonga kwa vidole kuitana tulipofukuzwa kulala. Ukuta huo ukitoka, vyumba viwili vinakuwa kimoja kipana, karibu na choo, duara langu linazunguka bila kugusa popote.

Mimi na Baba tukatazamana tukijua tumeshinda. Mama akasema, "Hapana."

Tukamuuliza kulikoni. "Hicho ni chumba cha mtoto. Akija na mumewe na watoto watalala wapi? Mimi siwezi kupata nyumba kwa kumfukuza mwanangu." Akashikilia hapo hapo. Baba akambembeleza, wapi! Unamjua Mama akisema hapana.

Sikutaka kukupigia simu, kwa sababu najua ungesema vunjeni, na yeye angejua umesema kwa kumhurumia. Nikamwekea laptopu mapajani. Mkono wake wa kushoto ndio wenye nguvu, nikamshikisha kipanya. Nikamwambia, "Basi mpangie wewe pa kulala."

Kile kitanda kikubwa unacholalia ukija kilimtoroka kwenye mchoro kikaingia jikoni, kikaenda hadi barabarani. Akakirudisha. Alihangaika nacho, akatukataza kumsaidia, na mwisho akakiweka kwenye chumba chao cha mbele, chumba chake na Baba. "Yeye ana miguu, mlango mwembamba si shida kwake. Huku ndiko atakakolala mwanangu. Sisi tutahamia kwao." Kwa hiyo, mdogo wangu, umepandishwa cheo. Ukija utalala chumba cha wenye nyumba.

Kabla ya nyundo kugusa chochote, yule binti alitushauri tuchore mpango wote kwa chaki uani kwa vipimo vyake kamili. Fanya hivyo na wewe kiwanjani, chukua chokaa au kamba, mtembee ndani, mfungue milango hewani majirani wawacheke. Mama alizunguka mle na kiti chake, tukagundua mlango wa choo unafungukia upande mbaya. Kwenye ua tuliufuta kwa kandambili.

Sasa kazi imekwisha. Baba aliushusha mwenyewe ukuta ule, tofali kwa tofali, akikataa wasaidizi. Madirisha ameyateremsha, na milango anayopita Mama ameipanua. Mbele ametengeneza mteremko mzuri, na kizingiti cha choo hakipo. Mama amehamia kwake. Ameshasema rangi ni mbaya, na jirani wa mbele ameanika nguo vibaya. Tunamshukuru Mungu.

Nimalizie na wewe. Ule mchoro wa kujaribia wa nyumba yenu uliotuma niliufungua jana mbele ya Mama. Nikaweka macho kwenye urefu wake wa zamani, alipokuwa akisimama, nikamwachia kipanya. Mdogo wangu, Mama ameingia kwako. Alipanda ngazi zile tatu za mbele bila kushikwa, akapita sebuleni, akaingia chumba hadi chumba, akasimama dirishani kwa watoto akakaa hapo muda mrefu. Baba alikuwa nyuma yetu, akitazama naye.

Alipotoka aliniambia, "Mwandikie. Mwambie nimefika, nyumba nimeipenda. Ila jiko dogo."

Upanue, Kifungo. Usibishane naye.

Nisalimie sana shemeji, na mama mkwe wako ukionana naye. Wapwa zangu wote wabusu kwa niaba ya mjomba. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamuulizia shangazi yao. Baba anasema ukianza msingi umpigie yeye kwanza kabla ya fundi yeyote. Mola awalinde huko mliko, akijalie kiwanja chenu udongo mgumu na majirani laini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata simu inapokatika,

Breki