Ukuta wa Darasa la Watoto

Ameubomoa, shoga. Kaka yangu, mwashi mtulivu kuliko wote, ameubomoa kwa nyundo ukuta wa darasa la watoto pale kanisani, damu ikimchuruzika mdomoni.

Unajua anavyofundisha habari za manabii wa Kiebrania: Mungu anasimama na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, ukuta umepinda, hukumu i njiani. Leo alining'iniza timazi yake mwenyewe. Ukuta ulikuwa umeinama vidole vinne, na kesho watoto thelathini wangeketi chini yake.

Mwenyekiti wa ujenzi akamcheka mbele ya kamati. "Nabii wetu! Mara ya tatu unatutisha. Mbona hauanguki?"

"Ukiwaangukia watoto, mzee, nitakuwa nimeshindwa kazi."

Ameshindwa, anasema! Si kwamba atakuwa amesema kweli. Ameshindwa.

Mwenyekiti akamtandika ngumi. Kaka akatema jino, akaokota nyundo, akapiga. Akapiga tena. Matofali yakaporomoka, moja likampasua mwenyekiti mguu, akapiga yowe: "Thibitisha sasa kwamba ungeanguka!"

"Siwezi."

Mimi simwamini Mungu, na hilo halijabadilika. Ila miaka yote nilidhani manabii wale walifurahia maangamizi waliyoyatangaza. Nilisoma vibaya.

Polisi wamemchukua. Akipandishwa garini aliniuliza neno moja tu: "Kuna sehemu iliyobaki imesimama?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi na waniite mwongo," akasema, akainamisha kichwa ili mlango ufungwe.