Kikao cha Kuamua kama Dama Atolewe kwa Kuacha Kuchemsha Maji

KIKUNDI CHA WAMAMA WA MAJI YA KUCHEMSHA, IDSOWE

Tarehe: Jumamosi, 14 Agosti 1999
Mahali: Uani kwa Mwenyekiti
Saa: Nane na nusu, badala ya saa nane. Waliochelewa wanajijua.

WALIOKUWEPO: Mama Jotham (Mwenyekiti), Nyevu Kadenge (Katibu), Dama Fondo, Kadra Nuh na wanachama wengine watano waliotia kidole.
HAKUFIKA: Sadia Dida. Amekwenda Hola, alileta habari.

KUMB. NA. 1/8/99: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba, Kadra naye akaomba kwa njia ya kwao wafugaji. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikundi kilianza baada ya yale mafuriko ya mwaka juzi, tulipozika watoto wanne kwa kuharisha, mmoja wao mjukuu wa Dama. Tulikubaliana maji ya kunywa yachemshwe kila nyumba, na asiyechemsha atolewe.

KUMB. NA. 2/8/99: UKAGUZI WA MITUNGI
Kadra alieleza kwamba zamu ya kukagua ilikuwa yake. Alifika kwa Dama bila kumwambia, kama sheria inavyotaka. Dama alimkaribisha kwa kata ya maji. Kadra aliyamaliza, ndipo akauliza kama yamechemshwa. Dama alijibu, "La."

Katibu aliuliza ni mkaguzi gani anayekunywa kwanza halafu ndio anauliza. Kadra alisema, "Nyanya, kwetu mtu akikupa maji huyahoji." Aliulizwa habari za tumbo. Alisema kwa siku mbili hakwenda mbali na nyumba. Wanachama walicheka. Dama hakucheka.

KUMB. NA. 3/8/99: DAMA KUJIBU
Katibu alisema sheria iko wazi, Dama atolewe, tena yeye aliyezika alipaswa kuwa wa mwisho kuacha. Mwenyekiti alimwomba Katibu apunguze ukali. Katibu hakupunguza.

Dama alisema: "Mwaka wa kwanza nilichemsha kwa hofu. Nikisahau tu, namwona yule mtoto, nawasha moto. Hofu ikapungua. Mvua ikalowesha kuni, na mzee wangu naye anasema maji ya kuchemsha hayana ladha, ni ya wagonjwa. Nikaruka siku moja. Siku ya pili haikunisumbua hata. Msinitoe, wenzangu. Nikiwa peke yangu sitarudi."



KUMB. NA. 4/8/99: MAJADILIANO NA UAMUZI
Kadra alisema Mama Dama asitolewe. Kama mzee Fondo anataka ladha, atamwonyesha Dama kufukiza mtungi kwa moshi wa kijiti, kama kwao wanavyofukiza vibuyu vya maziwa. Mwenyekiti aliongeza kwamba sima ikiepuliwa, sufuria ya maji ipande papo hapo, moto usiwashwe mara mbili.

Katibu alisema hayo ni mazuri lakini sheria ni sheria. Hapo Mwenyekiti alitaka kila aliyeruka siku hata moja tangu Pasaka ainue mkono, na asidanganye. Aliinua wake kwanza. Ikawa mikono minane. Mwenyekiti alimtazama Katibu mpaka ikawa tisa. Aliagiza iandikwe, nayo imeandikwa.

Iliamuliwa Dama abaki na sheria ya kutoa mtu ifutwe. Atakayeruka siku amwambie jirani kesho yake, kabla hazijawa mbili, na jirani aende akae naye jikoni mpaka maji yachemke. Katibu alisema atakaa, lakini sima ya mtu hatasonga.

KUMB. NA. 5/8/99: ZAMU
Dama alipewa zamu ya kukagua. Aliulizwa ataanzia wapi. Alisema kwa Nyanya Nyevu, Jumatatu asubuhi. Katibu alimwambia sheria ya ukaguzi ni kutotaja siku. Dama alisema anaijua, ila anataka akute yamechemka.

Kikao kiliisha saa kumi na robo, kila mtu akaenda kutafuta kuni.

Mwenyekiti: Mama Jotham (sahihi)
Katibu: Nyevu Kadenge (sahihi)