Sarafu Juu ya Sindano

Dobrivoje,

Samaki wa kukaanga ni wa wageni wa kesho, slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wenu. Usiwaguse. ~~Wewe kula mkate.~~ Haya, kula mmoja.

Nimekwenda Zemun kwa fundi kununua kichwa kipya cha sindano ya gramafoni. Cha bei nafuu, si kile chako cha bei ya nguruwe mzima. Fundi kanihakikishia kwa simu kwamba mashine yetu haitaona tofauti, wala masikio yako.

Asubuhi nilikusikia ukimwambia dada yako eti sindano nimeiharibu mimi kwa kitambaa changu cha vumbi. Nikaenda kuuangalia ule mkono wa gramafoni. Kumbe umebandika sarafu ya dinari tano juu yake, sindano isiruke. Hongera, mhandisi. Miaka yote hiyo umekuwa ukiilima kwa uzito huo santuri ya marehemu baba yako akipiga akodiani, ile tunayoipiga kila slava mshumaa ukiwashwa. Sasa anasikika kama ana mafua.

Mpigie dada yako kabla sijarudi. Umwambie ukweli.

Sarafu nimeiweka juu ya kikaratasi hiki kisipeperuke. Kazi hiyo inaiweza.

Mkeo, mwenye kitambaa