Nimemkumbatia Dokta wa Kemia

Shosti uko wapi?? Acha unachofanya. NIMEMKUMBATIA DOKTA.

Yule yule mkali wa kemia. Mbele ya darasa zima! Uso wangu nitauficha wapi?

Sikia. Unajua swali la atomu kwenye mtihani wake niliambulia sifuri, hadi akaniambia nifikirie kuhama idara. Basi jana nikajifungia, nikapiga hesabu upya: elektroni ya haidrojeni ikishuka kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili, inatoa mwanga gani? Nikapata mwekundu, nanomita 656. Kwenye karatasi tu, wala sikujiamini.

Leo maabara wakawasha mrija wa haidrojeni. Nikachungulia kwenye spektroskopu, kile kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga. Mstari mwekundu huo! Nikasoma kipimo. 656! Shosti, MIA SITA HAMSINI NA SITA!

Nikapiga ukelele, "Upo! Upo pale pale!" Nikageuka, nikamkumbatia mtu wa kwanza niliyemkuta. Kumbe ni yeye.

Akaweka miwani yake sawa, akachukua daftari langu, akapitia hesabu yote.

"Kuhama sahau," akasema. "Imebaki mistari mitatu. Itafute. Ila usinikumbatie kwa kila mmoja."

Nilitamani ardhi inimeze, huku nacheka!

Na nimeipata yote. Wa mwisho, wa zambarau, ni hafifu mno, nimeukodolea hadi machozi yakanitoka. Nikamwita Dokta kwa adabu zote, mikono nyuma.

Akachungulia weee, kisha akaninyooshea mkono mwenyewe. "Mstari huu," akasema, "hata mimi huwa unanipita."