Mume Wangu Kaninunulia Gemu Niliyokwisha Kuimaliza Mara Mbili

Mpendwa Bi Leokadia,

Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya mtakatifu wa jina langu, wageni wanakuja jioni, keki ya jibini nimeshaahidi, na mimi nimekaa hapa jikoni na siri ambayo ikitoka vibaya sijui uso wangu nitauficha wapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nasaga lenzi kwenye duka la miwani hapa hapa Bydgoszcz, mume wangu Gerwazy ni fundi wa lifti, ni mtu mwema, hanipigi, halewi, au tuseme akilewa kwenye harusi za watu huimba nyimbo mbili akalala, na tulijuana kwa sababu ya gemu moja iitwayo Taji la Shaba, kwenye foleni ya kuinunua siku ilipotoka, theluji inatudondokea, mimi sina glavu, yeye akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, basi yakawa hayo, na tangu siku ile miaka tisa sasa kila jioni baada ya supu tunakaa kwenye kochi tunaicheza wawili, yeye shujaa mwenye upanga, mimi mganga wa kumponya shujaa.

Taji la Shaba ni kubwa, Bi Leokadia, usinielewe vibaya, ni gemu nzuri, ina mabara matatu na mapango hata hayahesabiki na majoka ya kila rangi, unapanda farasi unakwenda unakotaka hakuna anayekuuliza, ila nimekuja kuona kwamba hakuna anayekuuliza chochote kabisa, unaweza ukamkata binamu wa chifu kichwa asubuhi na jioni chifu huyohuyo akakuuzia mkate na kukwambia karibu tena mgeni wangu, na zaidi ya hayo Gerwazy amebandika kwenye friji jedwali la silaha zote na majibu yote, kwa hiyo tukifika mbele ya mfalme na mimi nimeshika kidhibiti changu nataka kusema neno, yeye anaruka, "Ngoja, mke wangu, usibonyeze! Jibu la tatu ndilo linalotoa ngao!" nami naacha, naendelea kumponya. Miaka tisa namponya mtu.

Sasa mwezi wa nne nilikwenda kwa dada yangu Wisława kule Fordon, shemeji alikuwa ameacha kwenye mashine yake gemu nyingine inaitwa Kinu cha Ukungu, nikasema nionje kidogo tu, nikaingia kwa jina langu lilelile ninalotumia nyumbani nisije nikaiharibu safari ya shemeji iliyohifadhiwa humo, na Bi Leokadia, nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na dada alikuwa amerudi kutoka sokoni na ameshamenya viazi vyote.

Hiyo Kinu haina mabara, ni bonde moja tu na vijiji vinne, farasi hakuna, upanga wenyewe una kutu, lakini watu wake wanakumbuka! Niliiba bata bukini wa mjane mmoja kwa sababu nilikuwa na njaa, yaani mtu wangu wa kwenye gemu alikuwa na njaa, basi kijiji kizima kikaacha kuitikia salamu yangu, mwokaji akanifungia dirisha, nilijisikia vibaya mpaka Jumatatu kazini nikawasalimia wote mara mbili mbili. Na kuna pale mwishoni, kinu chenyewe, ndani mna roho za watu waliozama mtoni, na msagaji anakuuliza ukichome au ukiache, ukikichoma roho zinakwenda zao lakini kijiji kinakosa unga, ukikiacha watu wanakula lakini zile roho zinasaga milele, na hakuna jibu linalotoa ngao, nilikaa nusu saa nzima kidhibiti kiko mapajani na hakuna mtu aliyeruka kuniambia nibonyeze wapi. Nilikichoma. Nikalia, na nikafurahi kwamba nalia.

Tangu hapo kila Jumamosi Gerwazy akienda mtoni Brda kuvua mimi nakwenda Fordon, namwambia nakwenda kumsaidia dada kushona mapazia, na kwa miezi yote hii hayo mapazia yangetosha kuvisha kituo cha treni. Nimeimaliza mara mbili. Najisikia kama mwanamke mwenye hawara, ila hawara wangu ni bonde.

Haya, sasa kilichonitoa jasho. Wiki iliyopita nimeshuka chumba cha chini kuchukua matango ya chumvi, nyuma ya chupa nikaona kifurushi cha karatasi yenye nyota, nikakwangua kona kwa ukucha, Mungu anisamehe, ni Kinu cha Ukungu, na kikadi kimeandikwa kwa mwandiko wake ule kama nyayo za kuku, "Kwa Otylia wangu. Tuanze wote kutoka mwanzo." Nilikaa juu ya gunia la viazi. Dada anasema, "Futa kila kitu, nyamaza, siku yenyewe shangaa." Nimejaribu kushangaa mbele yake, akaniambia, "Acha, unafanana na mtu anayeng'olewa jino." Na Jumapili, tuko kwenye supu ya kuku, Gerwazy ananiuliza ghafla, "Hivi mke wangu, wewe ungekuwa na kinu chenye mapepo, ungekichoma?" Tambi zikanipalia, nikakohoa mpaka machozi, nikasema, "Kinu gani?" Akasema, "Kinu chochote tu," akaendelea kula.

Nishauri, Bi Leokadia. Nijifanye mgeni bondeni? Nifute safari zangu zote mbili? Nikimwambia kweli kwamba Kinu naipenda kuliko Taji, si nitakuwa nimemwambia miaka yetu tisa ilikuwa bure? Tafadhali usinijibu kwa simu, simu ya nyumbani huwa anapokea yeye.

Otylia, mwenye siri, Bydgoszcz

BI LEOKADIA ANAJIBU

Majina nimeyabadilisha, kwa hiyo kina Gerwazy wote wa mji huu watulie.

Wewe Otylia, kwanza pumua. Nimesoma barua nyingi kwenye dawati hili, za wanaume wenye familia mbili na za wanawake waliouza piano ya mama mkwe, na ya kwako ndiyo ya kwanza iliyonifanya nicheke kwa sauti mpaka mhariri akaja kuchungulia. Hujamuua mtu. Mjane wa bata bukini peke yake ndiye mwenye haki ya kukulaumu.

Lakini mimi sijibu barua kwa kubahatisha. Nilipanda ghorofa mbili kwa jirani yangu Bwana Kleofas, dereva wa treni mstaafu, ambaye gemu zote mbili anazo, nikamwambia, "Nifundishe, nina mgonjwa." Nimecheza siku nne, shingo imekakamaa. Taji la Shaba ni ukumbi wa harusi: pakubwa, kula uwezavyo, hakuna anayekufahamu. Kinu ni jikoni kwa mama mkwe: padogo, na kila kijiko ulichowahi kuangusha kinakumbukwa. Kwenye Taji nimepanda farasi nikateremka mlima napiga kelele kama msichana, na Bwana Kleofas kanitupia karanga. Kwenye Kinu bata bukini ameniua mara sita. Wanauma wale! Zote mbili nimezipenda, na sioni kwa nini mtu mzima achague. Kuna siku ya harusi na kuna siku ya jikoni.

Kwa hiyo acha kujidanganya kwamba shida yako ni ipi bora. Ulichokipenda Fordon si ukungu, ni kwamba kidhibiti kilikuwa mkononi mwako na mdomo ulikuwa wako. Na hapo ndipo nakugombeza. Miaka tisa unamponya huyo mtu, je, umewahi hata siku moja kumwambia, "Leo na mfalme naongea mimi"? Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali hapo, sijapaona. Umeacha, umenuna kimyakimya, ukaenda kushona mapazia. Kisebusebu na kiroho papo! Mume ni fundi wa lifti, si mpiga ramli.

Na wewe Gerwazy, najua gazeti hili unalisoma, hata kama nyumbani unasema unasoma ukurasa wa wavuvi tu. Bandua hilo jedwali kwenye friji. Mke hakai kwenye kochi miaka tisa kwa ajili ya ngao.

Sasa kaa vizuri, Otylia, maana kuna jambo wewe na dada yako wa Fordon wote hamkuliona. Umeandika kwamba kwa shemeji uliingia kwa jina lako lilelile la nyumbani. Hilo lilinikwaza, nikamuuliza Bwana Kleofas, "Mtu akicheza kwenye mashine ya wengine kwa jina lake, vile vikombe ambavyo gemu humpa kila anapovuka hatua vinakwenda wapi?" Alicheka mpaka akavua miwani. "Vinamfuata, mama," akasema. "Na rafiki zake wote kwenye mashine wanaviona saa ileile, hadi kwenye simu." Nikamuuliza, "Na mume je?" Akasema, "Mume ndiye wa kwanza."

Umeelewa? Tangu mwezi wa nne, kila Jumamosi, Gerwazy amekaa ukingoni mwa Brda na ndoano yake, simu inalia mfukoni: Otylia amepata kikombe. Otylia ameingia kijiji cha pili. Otylia amemaliza. Otylia ameanza tena. Za mwizi arobaini, lakini zako ziliisha siku ya kwanza.

Anajua. Amejua miezi minane, na jioni anarudi na samaki wake anakuuliza mapazia yanaendeleaje. Hakukufuma, hakununa, hakumpigia dada yako simu. Ameona kuna mahali mkewe anakwenda anafurahi bila yeye, naye hana njia ya kuingia, basi amefanya alichoweza: amenunua tiketi na kuificha nyuma ya matango, mahali ambapo katika nyumba yoyote ya Kipolandi mke lazima atapitia kabla ya sikukuu. Hata kuficha kwenyewe hajui, maskini. Au anajua sana.

Na lile swali lake la kwenye supu? Wewe umelisoma kama mtego. Mimi nimelisoma mara ya pili nikaweka kalamu chini, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe hilo ni swali la kwanza ambalo mwanaume huyu amekuuliza ungefanya nini bila kukutajia jibu la tatu. Nawe ukamkohelea tambi.

Basi sikiliza, na ufanye nisemavyo. Usifute hata hatua moja ya safari zako, ni zako, umezilipia kwa machozi. Mazoezi ya kushangaa yaache, huwezi, dada yako amesema kweli. Jumamosi hiyo wageni wanakuja jioni, na mume mwenye akili haendi kuvua siku ya jina la mkewe, kwa hiyo asubuhi mtakuwa wawili tu. Kifurushi akikileta, kipokee, ukifungue mbele yake, umbusu. Usilie kwanza, na usiombe msamaha kama mtu aliyeiba kanisani. Uongo wa mapazia utauombea radhi mara moja, kwa sentensi moja, basi, yaishe.

Mkianza kucheza, kidhibiti akishike yeye, na wewe ufunge mdomo. Namaanisha ufunge! Akitaka kumwiba bata bukini, mwache amwibe, mwache mwokaji amfungie dirisha, nawe usicheke sana. Kwenye Taji la Shaba mbadilishane, upanga uchukue wewe, yeye aponye, na mfalme akitaka kujua jambo atakuuliza wewe. Nina hakika Gerwazy atakuwa mganga mbaya, utakufa mara nyingi. Kufa kidogo hakuna neno. Na hiyo miaka tisa unayoihofia haikuwa bure, ila mtu mmoja ndiye aliyekuwa anaongea.

Lakini hayo yote ni baadaye. Kabla hajawasha mashine, kabla ya kahawa, kabla dada yako hajafika na ushauri wake, mume wako anasubiri jibu tangu Jumapili ile ya supu. Mketishe kwenye kochi, umtazame, umwambie neno kwa neno: "Gerwazy, nilikichoma. Sogea nikwambie kwa nini."