Nyama niliyolishwa ndotoni

Kalemie, Jumapili, alasiri.

Mvua ya asubuhi imekatika, lakini ziwa bado limenuna na upepo wake unaingia mpaka jikoni. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, simu mkononi. Ndani maneno ninayopewa ni machache, na kusema kweli sistahili hata hayo.

Nina aibu. Naanza hapo, maana nikianza kwingine nitajitetea.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba mimi ni mwalimu wa biolojia. Wasichojua ni kwamba kila Jumatano asubuhi, kwa kuwa zamu yangu ya kufundisha ni ya mchana, huwa naketi na kikundi cha akina mama wa maombi cha mtaani kwetu. Ninakwenda kwa ajili ya nyimbo, na kwa ajili ya kucheka kidogo na wenzangu. Mwishoni mwa sala kuna kipindi tunachokiita kutoa ndoto. Aliyesumbuliwa na ndoto anasimama, anaisema, na wengine wanaiombea.

Hapa kwetu kuna ndoto ambazo maana yake kila mtu anaijua bila kufundishwa. Jino kung'oka ni msiba. Samaki mkubwa ni mimba. Kulishwa nyama ndiyo mbaya kuliko zote: anayekulisha ni mlozi, na wewe ukimeza umeshaingia mikononi mwake.

Mambo haya nimekuwa nikiyacheka kimoyomoyo. Darasani nimeyacheka hata kwa sauti. Muhula huu mwanafunzi mmoja aliniuliza kuhusu hiyo ndoto ya nyama, nami nikamjibu, "Wewe ukila ndotoni, asubuhi unaamka umeshiba?" Darasa likaangua kicheko. Kijana akakaa, hakuuliza tena.

Halafu nikawachorea ubaoni. Nikawaambia kwamba usingizi una vipindi, na kimojawapo ni kile ambacho macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Katika kipindi hicho ubongo unafanya kazi kama wa mtu aliyeamka, lakini mwili umefungwa usije ukainuka na kutenda yale unayoyaona. Sehemu inayoshughulika na hofu iko kazini. Sehemu inayouliza "hivi jambo hili linawezekana?" inasinzia. Kwa hiyo ubongo unaokota vipande vya siku zilizopita, sauti, harufu, sura za watu, na kuvishona ovyo. Homa inazidisha. Ukiamka katikati, ndoto unaikumbuka. Ukilala moja kwa moja mpaka asubuhi, mara nyingi inapotea. Kwa nini hasa tunaota, niliwaambia, wataalamu wenyewe hawajakubaliana.

Nilieleza vizuri. Nilijisikia msomi.

Mganga hajigangi.

Jumatano iliyopita ndipo nilipotoka kitandani baada ya malaria iliyonilaza hoi. Nilikuwa bado na kizunguzungu, na ndani yangu kulikuwa na woga ambao sikutaka kumwambia mtu. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliota niko katika chumba kisicho na dirisha. Mama mkwe wangu, Mama Feza, amepiga magoti karibu yangu. Mkono mmoja ameshika kichwa changu, mwingine ananitia nyama mdomoni. Nataka kukataa, taya halinisikii. Nataka kukimbia, miguu haipo. Nikameza. Niliamka nimelowa jasho, na ladha ya nyama iko ulimini.

Mama Feza alikuja kwetu kutoka Mpala baada ya kufiwa na mume wake. Anauza ndagala sokoni, wale dagaa wa ziwa letu, na mikono yake inanuka ndagala hata siku ya Misa. Hapangi maneno. Bugali wangu anasema ni laini, unafaa mtoto asiye na meno. Masufuria yangu ameyahamisha yote, nikitafuta mfuniko mpaka nimwombe yeye. Binti yangu Aline anamwita Nkambo, yaani bibi, na anamfuata kama kivuli.

Basi, katika kipindi cha kutoa ndoto, nikasimama. Nikaisema yote. Mama kiongozi wetu, ambaye tunamwita Mama Prezidante, akaniuliza swali ambalo huuliza kila mara, "Sura uliiona?"

Swali hilo lina jibu lake, na sisi wote tunalijua. Unajibu, "Mungu anaijua." Hata kama uliiona sura waziwazi, hata kama ni ya mtu aliyeketi pembeni yako, unajibu hivyo na mambo yanaishia kwenye sala. Tangu niingie katika kikundi hicho sijawahi kusikia mtu akijibu vingine.

Mimi nikasema, "Njo mama mukwe yangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Prezidante alitikisa kichwa polepole na kusema, "Kikulacho kiko mu nguo yako, Madame." Wakaniombea. Nikarudi nyumbani, na mchana huohuo, kabla sijaenda shule, nikamwambia Aline asile tena chochote alichopika Nkambo wake. Mtoto aliniuliza kwa nini. Nikamwambia mkubwa akisema, mtoto anatii.

Yaani nilisahau ubao wangu wote, chaki yangu yote.

Kilichofuata hakikuwa na fujo. Kwenye bomba la maji wanawake walisubiri Mama Feza achote aondoke ndipo wasogeze madumu yao. Sokoni wateja wake wa siku zote walipita mezani kwake wakiangalia upande mwingine, wakanunua kwa jirani. Ijumaa alirudi na gunia lake vilevile. Jirani mmoja ambaye mtoto wake anakohoa tangu masika alianza kuuliza watu kama kuna aliyewahi kumwona Mama Feza akimbeba mtoto wake. Kila mtu mjini hapa anajua maswali ya namna hiyo yanavyoishia kwa mjane mzee asiye na mtu wa kumsimamia. Na mtu wa kumsimamia, mwanawe akiwa kazini kutwa, nilikuwa mimi.

Jana mume wangu alirudi kutoka kazini bandarini mapema. Alikuwa amesikia huko, kwa mtu ambaye mke wake yuko kwenye kikundi. Nilitegemea agombe. Hakugomba. Alivua viatu, akakaa, akaniuliza, "Mama Aline, ile siku homa ilikuzidi, nani alikulisha?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Mama yangu njo alikulisha. Mimi nilikuwa pale. Alichemusha nyama ya mbuzi, akaipasua na vidole, akakushika kichwa sababu ulikuwa hauwezi kuinuka. Unatapika, anapangusa, anaanza tena. Mpaka ukameza."

Akavaa viatu vyake tena, akaongeza, "Ulimeza, ukalala." Kisha akatoka nje.

Nilibaki nimekaa palepale. Kila kitu kilikuwa wazi kama somo la darasa la kwanza. Kichwa kilichoshikwa, nyama, magoti, ladha ulimini. Taya ambalo halikunisikia na miguu ambayo haikuwepo ni mwili uliofungwa na usingizi, jambo nililolichora mwenyewe kwa chaki ya rangi. Ubongo wangu ulichukua wema niliofanyiwa nikiwa sijitambui, ukaurudisha usiku bila maelezo, na mimi nikaupa jina la ulozi.

Ningeishia hapa, msomaji angenihurumia. Angesema maskini, ni homa. Hapana. Bado kuna jambo ambalo sijalisema hata kwa mume wangu.

Lile jibu, "Mungu anaijua," lilikuwa mdomoni mwangu. Nililisikia limekaa pale tayari. Nikalimeza, nikatoa jina. Na jina lilipotoka, nilisikia raha.

Labda nilitaka awe yeye.

Nilimkasirikia kwa sababu ya masufuria. Nilimkasirikia kwa sababu mwanawe anakula bugali wake na kuomba tena, na bugali wangu anaula na kushukuru tu. Nilimkasirikia kwa sababu nilipougua, nyumba iliendelea vizuri bila mimi. Ndoto ililetwa na homa, sikuichagua. Lakini Jumatano asubuhi nilikuwa nimeoga, nimevaa kitenge, nimekaa kwenye kiti, macho yamefunguka. Yaliyotoka mdomoni mwangu saa ile hayana kipindi cha usingizi cha kusingizia.

Leo baada ya Misa niliwakuta akina mama wamesimama uani kama kawaida. Nikawaendea nikiwa nimejipanga. Niliwaeleza yote: homa, nyama ya mbuzi, jinsi ubongo unavyorudia mambo ya mchana. Nikasema nimekosea, kwamba Mama Feza aliniuguza, na nikaomba wamwendee wamsalimu. Wengine waliangalia chini. Mama Prezidante alinishika bega, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliozidi kuniumiza.

"Madame, ndoto yenye imetoka hairudi mu tumbo," aliniambia. Kisha akawageukia wenzake. "Muko munaona, wamama? Mama mukwe yake amekwisha kumufunga kinywa. Sasa anamutetea."

Wakaniwekea mikono kichwani, palepale uani, wakaanza kuniombea nifunguliwe. Niliposema homa, walisema amina. Niliposema ubongo, walisema amina. Kila neno langu la kumtetea lilizidi kuwa ushahidi dhidi yake, mwisho nikanyamaza, na nadhani walifikiri maombi yamefaulu.

Nilikuwa nimesimama chini ya ile mikono nikamkumbuka yule mwanafunzi niliyemfanya achekwe na darasa. Sijui aliota nini. Sijui ni nani aliyemlisha ndotoni, na kama mtu huyo anaendelea kuishi naye nyumba moja. Aliniletea hofu yake nikamfanyia mzaha, akaondoka nayo vilevile. Kesho mchana nitamwita nimuulize, pembeni, bila ubao.

Maji yakimwagika hayazoleki. Msemo huo nimewaambia watoto mara nyingi, kwa mambo madogo.

Niliporudi, Mama Feza alikuwa uani kwetu ameketi kwenye mkeka, anachambua ndagala, anatoa mchanga na vijiti. Karibu na mlango wa chumba chake kulikuwa na mfuko wake wa safari umefungwa. Nikapiga magoti nikamwambia. Nilimwambia ndoto, nikamwambia swali na jibu ambalo sikulitoa. Hata ile raha nilimwambia. Mikono yake haikuacha kuchambua.

Kisha nikamwomba jambo ambalo nililiona la maana njiani. Nilimwomba Jumatano aje nami kwenye kikundi, anilishe nyama kwa mkono wake mbele yao wote, nile, waone.

Hapo ndipo aliacha kazi yake akaniangalia.

"Hapana, Mama Aline. Ile siku nilikulisha sababu ulikuwa mugonjwa. Leo uko muzima. Mukono yangu haiko ya kuonyesha watu."

Nikamwomba basi asiende. Akarudi kwenye ndagala zake.

"Ndagala yangu ikiisha, nitapanda boti ya Mpala."

Mchana huu alipika sombe na samaki. Nilimwita Aline, nikamwambia mbele ya Nkambo wake kwamba mama alikosea na kwamba anaweza kula. Mtoto hakungoja nirudie. Mimi pia nilikaa, nikanawa, nikakata tonge. Na mkono wangu ukasita juu ya sahani. Muda mfupi sana, wa kupepesa jicho tu. Ninajua sombe ni majani ya muhogo. Ninajua ubongo unavyofanya kazi. Mkono ukasita.

Mama Feza aliuona. Alisogeza sahani ya samaki ikanikaribia zaidi.

Nilikula. Chakula kilikuwa kitamu, na nilishindwa kuinua uso mpaka kikaisha.

Dakika chache kabla sijaanza kuandika, nilimuuliza kama kesho asubuhi naweza kwenda naye sokoni, nikae mezani kwake mpaka saa yangu ya shule ifike, niite wateja kwa sauti hii hii niliyomtaja nayo. Akina mama wote wa kikundi hupita hapo. Watanikuta nimeketi bega kwa bega naye, waseme nimefungwa mdomo au nimefungwa miguu, shauri yao.

Alifikiri kidogo. "Ukuje na kiti yako," akasema. "Mimi niko na kimoja."

Nimechungulia gunia lake. Limebaki karibu lote. Kesho nitaziuza ndagala hizo kwa nguvu zangu zote, na sijui nimwombe Mungu ziishe au zisiishe.